Binti wa Mtoni, Mjane wa Hamburg

Msomaji wa Kasulu au Kibondo akitajiwa Bibi Salme wa Unguja huona ni habari za mbali. Majumba ya pwani, mikarafuu, marikebu, kisha Hamburg na baridi yake: hayo yanatuhusu nini sisi wa vilima vya Buha, tulio zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Forodhani? Yanatuhusu. Mwaka 1885 dai la mwanamke huyu juu ya urithi wa baba yake lilipakiwa katika meli za kivita za Ujerumani, likapelekwa Unguja pamoja na dai jingine kubwa zaidi, la nchi ya bara. Dai lake likatupwa. Lile jingine likakubaliwa, na mpaka wake ukazidi kusogezwa magharibi hadi ukafika Ziwa Tanganyika, nasi tukiwa ndani. Maisha yake yanastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu kila serikali iliyojitia kumsemea ilikuwa na shughuli yake nyingine mkononi.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, ufukweni kabisa. Baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alitawala Oman na Zanzibar kwa pamoja, na makao yake alikuwa ameyahamishia Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi wa milima ya Kaukasi. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akaishia kuwa suria wa Seyyid. Salme alikuwa mmoja wa watoto wengi wa baba huyo, kila mmoja na mama yake, na katika majumba ya Mtoni, Watoro na Sahili lugha zilizosikika zilikuwa Kiarabu, Kiswahili, Kihabeshi, Kiajemi, Kituruki na hicho Kicherkesi cha mama yake.

Utajiri wa nyumba ile ulitoka mashambani na njiani. Mashambani kulikuwa na karafuu, zilizochumwa na watumwa. Njiani kulikuwa na misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, ikirudi na pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi, na mara nyingi na watu waliofungwa minyororo. Hapo ndipo Buha inapoingia katika habari hii mapema kuliko watu wanavyodhani. Wenye misafara waliijua nchi yetu kwa hongo. Henry Morton Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alitozwa vitambaa vingi na mtawala mmoja wa Buha aitwaye Mionvu. Aliposikia kwamba mbele kuna wengine wanaomngoja kwa madai yaleyale, aliona heri atoroke usiku kwa usiku, akiongozwa na mwenyeji aliyemlipa. Wasafiri wa Kizungu waliandika habari hizo kwa hasira. Ukizisoma ukiwa Kasulu unaona jambo jingine: watu wenye nchi yao, wanaotoza ushuru kwa anayepita.

Tumrudie mtoto wa Mtoni. Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma Qurani, lakini kuandika hawakufundishwa, kwa kuwa haikuonekana vyema mwanamke aandike. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri. Alichukua mfupa bapa wa bega la ngamia, ambao ndio ubao waliotumia wanafunzi, akachovya kalamu ya mwanzi katika wino, akaanza kunakili herufi za msahafu moja baada ya nyingine. Akiandika vibaya aliosha, akaanza tena. Siri ilipofichuka watu walimlaumu, lakini ujuzi ulikwisha kuingia mkononi. Kila kitu kilichomtokea baadaye, kizuri na kibaya, kilipitia katika mkono huo uliojua kuandika.

Seyyid Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akirudi kutoka Oman. Salme alikuwa na miaka 12. Akatangazwa kuwa mtu mzima, akapewa fungu lake: shamba lenye nyumba, na fedha pauni 5,429. Oman ikaenda kwa kaka yake Thuwaini, na Zanzibar kwa kaka yake Majid, ambaye Salme aliishi naye tangu utotoni na kumpenda sana. Mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua mama yake. Mwaka huohuo ndugu wakagawanyika.

Barghash, kaka mwingine, aliutaka ufalme wa Majid. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, na Salme, akiwa na miaka 15 na bado ana majonzi ya mama, akavutwa huko. Waasi walikuwa na watu na fedha, lakini walihitaji karani wa kuaminika, na katika nyumba ile ya wanawake ni mmoja tu aliyejua kuandika. Basi barua za njama zikaandikwa na msichana yule wa mfupa wa ngamia. Majid aliizingira nyumba ya Barghash. Dada zake wakamtoa kwa kumvika mavazi ya kike, akapita mbele ya walinzi akiwa kama bibi anayerejea kwake usiku. Lakini uasi ulivunjwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay.

Majid hakulipiza kisasi kwa dada zake. Salme alijitenga mashambani, kwanza Kizimbani, kisha Bububu karibu na bahari, na baada ya muda Majid mwenyewe akamwendea kwa mkono wa amani. Alipokubali kupatana naye, Khole na Barghash walimwona msaliti. Kupatana huko ndiko kulikomgharimu maisha yake yote. Majid aliyekosewa alisamehe. Barghash aliyesaidiwa hakusamehe.

Aliporudi mjini akapanga nyumba iliyopakana na ya Mjerumani kijana, Rudolph Heinrich Ruete, mzaliwa wa Hamburg, mfanyabiashara aliyekuja Unguja kufanya kazi na nyumba ya biashara ya Hansing. Nyumba za mji wa Unguja zimesongamana, mapaa yake yanatazamana. Salme aliwaona wageni wa Ruete wakila na kuzungumza, naye Ruete akajua kwamba jirani yake ni dada wa mfalme. Walizungumza Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha waliyokuwa nayo wote wawili, na Kiswahili kikabaki lugha ya nyumba yao hata walipokuwa Ulaya. Mwaka 1866 Salme akapata mimba.

Hatari yake haihitaji kuelezwa sana kwa msomaji wa pwani au wa bara. Mwanamke wa ukoo wa kifalme, asiye na mume, mwenye mimba ya Mkristo. Ilibidi aondoke. Usiku wa kuamkia Siku ya Mwaka, ambapo wanawake wa Unguja huenda baharini kuoga kwa desturi ya kuukaribisha mwaka mpya wa Kiswahili, yeye naye alishuka pwani na watumishi wake kama wengine. Mashua ilikuwa ikingoja. Tarehe 24 Agosti 1866 manowari ya Kiingereza Highflyer ikamchukua hadi Aden. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka 22.

Aden alikaa miezi tisa kwa familia ya Kihispania aliyoifahamu tangu Unguja. Desemba akajifungua mtoto wa kiume. Ruete alibaki Unguja akifunga hesabu za biashara yake, akawasili Mei 1867. Tarehe 30 Mei Salme alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo wakafunga ndoa, wakapanda meli kwenda Ulaya. Mtoto wao wa kwanza hakuufikia mwaka. Alifariki mwaka huohuo wa 1867.

Hamburg walikaa mtaa wa Uhlenhorst, karibu na maji ya Alster. Barua alizoziacha, ambazo hazikuchapishwa wakati wa uhai wake, zinaonyesha miaka ile ilivyokuwa. Alikuwa hajui Kijerumani. Mume akitoka asubuhi kwenda kazini, nyumba nzima ilikuwa bubu kwake hadi jioni. Watu walimwalika ili wamtazame. Alistaajabu kuona watu wanaishi milango imefungwa, na jua ambalo lipo lakini halipashi joto. Jambo lililomsumbua zaidi ni la ndani kuliko hayo: alikuwa ameibadili dini bila kufundishwa ile mpya, hata akaona ameachwa katikati, hana sala ya zamani wala hana moyo wa kuswali ile ya sasa. Hilo anaandika kwa uchungu usio na madoido, na kwangu ndizo kurasa zake bora kuliko zote.

Wakazaliwa watoto watatu mfululizo: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said 1869, Rosalie 1870. Binti hao wawili na kaka yao walipewa pia majina ya Kiarabu, Thawka, Said na Ghuza. Rosalie alikuwa na miezi mitatu na siku kadhaa baba yao alipoteleza akishuka katika tramu ya farasi, akagongwa. Alifariki tarehe 6 Agosti 1870. Ndoa ilikuwa imedumu miaka mitatu. Miezi miwili baadaye, Oktoba, Unguja nako Majid akafariki, na aliyekalia kiti ni Barghash.

Hapo ndipo sheria za pande mbili zilipomkamata. Hamburg, mjane hakuruhusiwa kuwa mlezi pekee wa watoto wake wala msimamizi wa mali yao. Wanaume waliteuliwa kusimamia, na fedha zikapungua mikononi mwao. Unguja, aliyetoka katika Uislamu harithi, na ndugu zake waliendelea kufariki mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiacha mafungu ambayo angepata sehemu kama angekuwa bado dada yao. Hakuwa na mahali pa kushitaki. Aliuza vito vyake. Akahama kutoka mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, Köln, akitafuta maisha ya bei nafuu, akifundisha Kiarabu ili watoto wale.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme alisafiri kwenda huko akiwa na tumaini kwamba wakikutana uso kwa uso, moyo wa kaka utalegea. Aliyekuja kuzungumza naye ni Sir Bartle Frere, yuleyule aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Barghash afunge soko la watumwa. Waingereza walimhitaji sultani akiwa radhi nao, na dada anayelia mlangoni angeharibu ziara. Frere akamtaka achague: akutane na kaka yake, au akae kando na serikali ya Uingereza itawasaidia watoto wake. Alichagua watoto. Barghash alipokwisha kuondoka, serikali ikaona kwamba mama huyu ni raia wa Ujerumani, hivyo msaada wake utoke Ujerumani. Hakupata chochote.

Kasulu na Kibondo tunaishi na watu waliokimbia kwao. Nyarugusu ina Wakongomani tangu 1996, Nduta inajulikana kwa Warundi, na kabla ya kambi hizo kulikuwa na Warundi waliokimbia mwaka 1972. Ninapoisoma habari ya London nawaona kwa urahisi watu niliowazoea: yule anayeambiwa faili lake liko ofisi nyingine, na akifika huko anaambiwa liko alikotoka. Salme alikuwa na jina kubwa na mavazi mazuri, lakini mbele ya meza ya ofisa hali yake ilikuwa hiyohiyo.

Miaka kumi baadaye zamu ya kumkumbuka ikawa ya Ujerumani. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya alama za watawala wa huko katika karatasi alizoziita mikataba. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser alitoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wa Ujerumani. Barghash alipinga, kwa kuwa aliziona ni nchi zake. Bismarck, chansela wa Ujerumani, alituma manowari. Na katika msafara huo wa baharini, ndani ya meli iitwayo Adler, alikuwamo Salme na watoto wake.

Kwa miaka mingi alikuwa ameandika maombi kwa wakuu wa Berlin, na majibu yalikuwa ya adabu na matupu. Sasa ghafla safari yake ililipiwa. Yeye aliamini kwamba hatimaye nchi aliyoolewa inasimama naye. Bismarck alikuwa anapima jambo jingine. Dada wa sultani aliye raia wa Ujerumani, mwenye dai la mali, ni sababu nzuri ya kuwa na manowari bandarini. Dai lake linaweza kupandishwa au kushushwa kadiri mazungumzo ya bara yanavyokwenda. Alikuwa kete ya bao iliyoshikwa mkononi, haijatiwa shimoni.

Tarehe 7 Agosti 1885 manowari zilitia nanga mbele ya jumba la Barghash, mizinga ikielekea mjini. Barghash alitazama, akashauriana na balozi wa Uingereza John Kirk, akaona kwamba Waingereza hawatampigania. Katikati ya mwezi alikubali. Salme alikuwa majini akiuona mji aliouacha miaka 19 iliyopita, akingoja ruhusa ya kushuka. Aliposhuka, akitembea na maofisa wa Kijerumani, watu walimtambua. Walimfuata mitaani, wakamsalimu, wengine kwa siri na wengine hadharani, ingawa sultani hakupendezwa. Alifika Mtoni, akakuta jumba la utotoni limekuwa gofu. Barghash alikataa kumwona. Kwake yeye dada huyo alikuwa amekufa zamani.

Kisha meli zikaondoka, naye akiwa ndani, bila fungu lolote la urithi. Kilichotakiwa kilikuwa kimepatikana. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikagawana bara, sultani akaachiwa ukanda wa maili kumi wa pwani. Tarehe 1 Julai 1890 zikapatana tena, Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza, na nchi ya Wajerumani ikathibitishwa hadi Ziwa Tanganyika. Hakuna mtu wa Heru, Muhambwe wala Buyungu aliyeulizwa. Mwaka 1896 Wajerumani wakaweka kituo cha jeshi Ujiji, na Buha ikatawaliwa kutokea huko. Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Miche ya mkonge aliyoileta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, iliyosafiri kutoka Florida kupitia bandari ya Hamburg na kufika Tanga ikiwa hai 62 tu, ikazaa mashamba ambayo baadaye, chini ya Waingereza, yaliwachukua vijana wa Kasulu na Kibondo kwa maelfu kuwa manamba. Wazee wetu waliorudi kutoka Tanga na kikohozi na blanketi walikuwa wanalipa sehemu ya mapatano ya 1885, ingawa hawakuwahi kuyasikia.

Mwaka 1886 Salme alichapisha kumbukumbu zake mjini Berlin, kitabu cha Kijerumani alichosema amewaandikia watoto wake. Hakuna kabla yake mwanamke wa Kiarabu wa Afrika Mashariki aliyechapisha maisha yake namna hiyo. Ukitaka kujua Mtoni walivyokula, walivyovaa, walivyoogesha watoto, walivyopokea wageni na walivyozika, hutapata shahidi aliye karibu zaidi. Lakini kitabu hicho kina sura juu ya utumwa, na lazima isemwe kama ilivyo. Aliutetea. Aliandika kwamba utumwa wa Waarabu ni mpole kuliko Wazungu wanavyodhani, kwamba Mwafrika hafanyi kazi bila kulazimishwa, kwamba kuwaachia watumwa kwa haraka kumeleta hasara. Aliyaandika hayo mwanamke ambaye mama yake mzazi alinyakuliwa akiwa mtoto na kuuzwa. Naheshimu uvumilivu wake wote, wala siwezi kuiruka sura hiyo. Wapagazi na mateka waliovuka Malagarasi kwenda pwani hawakupata nafasi ya kuandika hata ukurasa mmoja wa kumjibu. Hamburg yenyewe imepita katika jambo hili hivi karibuni: mwaka 2019 uwanja mmoja mdogo wa Uhlenhorst ulipewa jina lake, na mwaka uliofuata wakuu wa eneo hilo wakaamua kuliondoa kwa sababu ya kurasa hizohizo.

Barghash alifariki Machi 1888. Salme akaenda Unguja tena mwaka huo na binti yake Rosalie, akidhani kwamba sultani mpya, kaka yao Khalifa, atakuwa laini. Safari hii hapakuwa na manowari. Berlin haikuwa na haja naye tena, na bila Berlin hakuna aliyemsikiliza. Hakurudi Ujerumani. Alikwenda Jaffa, kisha Beirut, akaishi huko hadi mwaka 1914, miaka zaidi ya ishirini, mahali ambapo adhana ilisikika na Kiarabu kilizungumzwa sokoni. Kati ya ugenini wake wote, huo nadhani ulikuwa mwepesi kuliko mwingine.

Kuna tawi la habari hii linalomhusu mpwa wake, na bila tawi hilo mkono wa Ujerumani hauonekani wote. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad alifariki ghafla, na Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia jumbani akajitangaza mfalme. Waingereza hawakumtaka. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zililipiga jumba kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia katika ubalozi wa Ujerumani. Askari wa Kiingereza walilizunguka jengo, wakingoja akanyage ardhi ya Unguja wamkamate. Wajerumani walingoja maji ya bamvua. Tarehe 2 Oktoba bahari ilipojaa hadi bustani ya ubalozi, mashua ya meli ya kivita Seeadler ikasogea hadi ukutani, mfalme wa siku mbili akapanda bila kuugusa mchanga wa nje, akapelekwa Dar es Salaam.

Baba alikataa kumwona dada yake alipokuja na Wajerumani, na mwanawe akalindwa na Wajerumani haohao. Khalid aliishi Dar es Salaam kama mfalme wa uhamishoni, kwa heshima na kwa fedha za serikali ya kikoloni, kwa kuwa ilifaa kuwa naye karibu: nani ajuaye, siku moja huenda akahitajika. Miaka ishirini alihifadhiwa hivyo. Vita Kuu ilipofika, Waingereza wakamkamata mwaka 1917, wakampeleka St. Helena, kisha Shelisheli, na mwishoni wakamruhusu kukaa Mombasa, alikofariki mwaka 1927. Zanzibar hakuiona tena, ijapokuwa kutoka Mombasa hadi Unguja ni safari ya usiku mmoja kwa jahazi lenye upepo mzuri.

Vita hiyohiyo ilitubadilishia watawala na sisi. Julai 1916 Wabelgiji walichukua Kigoma, na Buha ikawa mikononi mwao hadi Machi 1921, walipoikabidhi kwa Waingereza. Ujerumani ikapoteza kila kilichopatikana kwa manowari za 1885. Na jambo moja la Buha nalitaja hapa kwa sababu linapendeza likiwekwa kando ya maisha ya Salme: katika miaka ya 1940 mwanamke, Theresa Ntare, alishika kiti cha mwami wa Heru, Kasulu, na kabla ya Uhuru akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Hakuandikiwa barua na mtu wala hakusemewa na balozi. Alikaa katika baraza lake mwenyewe.

Salme alirudi Ujerumani mwaka 1914 akiwa na miaka 70. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar alimpa pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Kwa mtu aliyedai mafungu ya mali ya ndugu zake kwa nusu karne, zilikuwa fedha kidogo, lakini zilikuwa za kwanza kumfikia kutoka nyumbani tangu aondoke, na mwenye kuzitoa alikuwa ukoo wake, si dola iliyokuwa na haja naye. Alizipokea kwa muda mfupi. Tarehe 29 Februari 1924 alifariki mjini Jena kwa homa ya mapafu. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, ukazikwa naye katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, kando ya mume wake Heinrich.

Watoto wake walikwenda kila mmoja njia yake. Antonie aliolewa na Eugen Brandeis, ofisa wa Kijerumani aliyetawala visiwa vya Marshall, na mwaka 1907 akachapisha kitabu cha mapishi kwa walowezi wa nchi za joto. Aliuawa kwa mabomu ya ndege mwaka 1945, siku chache kabla vita havijaisha. Rosalie aliolewa na ofisa wa jeshi. Rudolph Said alikuwa mwanajeshi wa Ujerumani, akaacha jeshi, akaoa mwanamke wa familia ya Kiyahudi, akahamia London, na mwaka 1934, Hitler akiwa madarakani, akachukua uraia wa Uingereza. Mwaka 1929 alikuwa amechapisha kitabu juu ya babu yake, Seyyid Said. Karatasi na vitabu vya nyumbani, pamoja na vya mama yake, alivikabidhi kwa wasomi wa Leiden, Uholanzi, ambako barua zile za miaka ya Hamburg zilihifadhiwa hadi zilipopata kusomwa na watu.